Shoki kuukuu za gesi: zitumie tena, lakini usizikate

Kila asubuhi, kwenye masoko na vituo vya magari katika kaunti yetu, wenye vibanda huinua dirisha la bati kwa mkono mmoja na kulitegemeza kwa kijiti kwa mkono wa pili. Upepo ukivuma, au mteja akigusa kijiti bila kujua, dirisha huanguka. Likianguka juu ya meza, ni hasara ya vikombe na mayai. Likianguka juu ya kichwa cha mtoto aliyetumwa sukari, ni hasara nyingine kabisa.

Dawa ya tatizo hili mara nyingi iko hatua chache tu kutoka hapo, kwenye gereji au kwa muuzaji wa vyuma chakavu. Ni vile vyuma viwili vyembamba vinavyoinua mlango wa buti wa gari na kuuacha umesimama wenyewe. Mafundi wetu huziita shoki za buti au shoki za gesi. Gari likivunjwa, shoki hizi hutupwa kwenye rundo pamoja na vyuma vingine, na anayezitaka huzipata kwa bei ndogo kuliko mpya.

Shida ni kwamba shoki hiyohiyo inayoweza kumwondolea mwenye kibanda taabu inaweza pia kumpofusha fundi. Kwa nje ni bomba jeusi lililonyooka, lenye ufito wa chuma unaong'aa. Kijana anayetafuta bomba la kutengenezea mpini, au ufito mgumu wa kutengenezea tindo, huona mali ya bure. Huchukua grainda na kuanza kukata. Makala haya yanaeleza kwa nini hilo ni kosa kubwa, na jinsi ya kuitumia tena shoki ikiwa nzima, bila kumdhuru mtu.

Ndani ya bomba mna nini?

Shoki ya gesi ni silinda ya chuma iliyofungwa kabisa. Ndani yake mna gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa kiwandani, pamoja na mafuta kidogo ya kulainisha. Ufito unaong'aa umeunganishwa na pistoni yenye tundu dogo. Gesi hupita kwenye tundu hilo polepole, na ndiyo maana mlango wa buti hupanda kwa utaratibu badala ya kuruka. Mahali ufito unapotokea pana sili ya mpira inayozuia gesi isitoroke.

Nguvu ya shoki huandikwa ubavuni kwa nyutoni, kwa mfano 400N. Ili kuielewa kwa haraka, gawanya kwa 10 upate kilo: 400N ni sawa na kusukuma mzigo wa kilo 40 hivi.

Sasa linganisha na kitu unachokijua. Tairi la gari dogo hujazwa hewa ya PSI 30 hadi 35. Shoki ya 400N yenye ufito wa unene wa milimita 8 ina msukumo wa takriban PSI 1,150 ndani yake. Hiyo ni zaidi ya mara 30 ya tairi, katika bomba unaloweza kulishika kwa kiganja.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba shoki "iliyokufa" haimaanishi shoki tupu. Shoki hiyo ya 400N ikichoka hadi ibaki na nguvu ya 200N, haitaweza kuinua mlango wa gari, na fundi ataitupa. Lakini bado ndani yake mna msukumo wa karibu PSI 570. Kwa hiyo ichukulie kila shoki kuwa imejaa, hata kama imelegea.

Mambo ya kutofanya kamwe

• Usiikate kwa grainda au msumeno, wala usiitoboe kwa drili. Gesi ikipata upenyo hutoka kwa ghafla, ikirusha mafuta na vipande vya chuma. Ufito wenyewe unaweza kuchomoka na kuruka kama mshale.

• Usiichomelee wala usichomelee kitu karibu nayo. Joto huongeza msukumo wa gesi na kuyeyusha sili. Ukihitaji kuchomelea kishikio, kichomelee kwanza, kiache kipoe, kisha ndipo ulete shoki.

• Usiitupe motoni. Baadhi ya watu huchoma taka za gari ili mpira na plastiki viungue, wabaki na chuma. Katika moto wa nyuzi 300 pekee, msukumo ndani ya shoki hukaribia kuwa maradufu, huku sili ikiwa imeshaharibika. Watoto wanaookota vyuma ndio mara nyingi huwa wamesimama karibu na moto huo.

• Usiigonge kwa nyundo wala usiikunje. Silinda iliyobonyea haiaminiki tena.

• Usiushike ufito kwa koleo au kwa jiliwa. Mkwaruzo mdogo tu kwenye ufito hukata sili kila unapopita, na shoki huanza kuvuja.

Tahadhari hizi zinahusu pia ile silinda iliyo chini ya kiti cha ofisi kinachopanda na kushuka. Nayo ina gesi iliyoshindiliwa. Baadhi ya shoki za magurudumu ya gari pia hujazwa gesi, kwa hiyo nazo zisikatwe ovyo.

Jinsi ya kuitoa kwenye gari

Kazi hii ni ya watu wawili. Vaeni miwani ya usalama na glavu. Miwani ya jua haitoshi.

Kwanza, fungua mlango wa buti au boneti hadi mwisho. Hapo shoki imenyooka kabisa na nguvu iliyobaki ya kusukuma ni ndogo kuliko wakati wowote mwingine. Usijaribu kamwe kuitoa mlango ukiwa umefungwa au umefunguka nusu, kwa sababu wakati huo imebanwa na inatafuta njia ya kuruka.

Pili, tegemeza mlango kwa gogo au mti imara, na mwenzako aushike. Ukishatoa shoki ya kwanza, iliyobaki pekee huenda isiuweze uzito. Milango mingi imewaangukia mafundi migongoni kwa kusahau hatua hii.

Tatu, angalia jinsi ncha zilivyofungwa. Magari mengi yana ncha yenye kikombe kilichovaa kitufe cha duara, na kikombe hicho hubanwa na kipini chembamba cha waya bapa. Ingiza bisibisi ndogo chini ya kipini, kiinue kidogo tu bila kukitoa kabisa, kisha vuta kikombe kitoke. Ncha nyingine hufungwa kwa boliti. Hizo zifungue kwa spana kama kawaida.

Nne, toa pia vitufe na vishikio vilivyobaki kwenye gari. Wengi huviacha, kisha wanahangaika kutafuta jinsi ya kuifunga shoki nyumbani.

Magari ya kisasa yanayofungua buti kwa kubonyeza kidude yana shoki zenye mota na springi ndani. Hizo ziache zilivyo. Hazifai kwa kazi hii.

Ipi inafaa, ipi ikataliwe

Magari mengi yanayoingia nchini mwetu huwa yameshatumika ng'ambo, kwa kikomo cha miaka 8, na hutumika hapa miaka mingine mingi kabla ya kuvunjwa. Kwa hiyo shoki utakazopata ni za umri mkubwa, na lazima zichunguzwe moja moja.

Ufute ufito kwa kitambaa safi na uuangalie kwenye mwanga. Ukiwa mkavu, laini na unang'aa toka mwanzo hadi mwisho, ni dalili njema. Ukiona mafuta yamelowanisha ufito au mdomo wa silinda, sili imekwisha, na shoki hiyo itaendelea kupoteza nguvu wiki hadi wiki. Ikatae. Kataa pia yenye kutu, mikwaruzo, rangi iliyopakwa juu ya ufito, ufito uliopinda, au silinda iliyobonyea.

Sasa pima nguvu. Usiamini namba iliyoandikwa pekee, kwa sababu hiyo ni nguvu ya siku ilipotoka kiwandani. Chukua mizani ya kupimia uzito wa mtu, iweke kwenye sakafu ngumu, na uweke juu yake kipande cha ubao chenye kishimo kidogo. Simamisha shoki wima, ncha ya ufito ikiwa ndani ya kishimo. Sukuma silinda kutoka juu, moja kwa moja, hadi ufito uanze tu kuingia. Mwenzako asome mizani. Kilo 18 ni sawa na 180N hivi. Usiweke uso juu ya shoki, na ikianza kuteleza pembeni, iachilie uanze upya. Shoki inayokataa kuingia kwa kilo 40 usishindane nayo. Ina nguvu nyingi kuliko unazohitaji kwa kazi za nyumbani.

Pima zote mbili. Zikitofautiana sana, dirisha au kifuniko chako kitajipinda. Tafuta mbili zinazokaribiana.

Hesabu ya dirisha la kibanda

Makosa mengi hutokea hapa. Mtu hufikiri kwamba shoki yenye nguvu zaidi ndiyo bora. Akifunga shoki mbili za gari kubwa kwenye dirisha la bati, siku ya kwanza akifungua komeo dirisha huruka juu, bawaba hung'oka, na kidevu cha mwenyewe kikapigwa.

Chukua mfano huu. Dirisha lina bawaba juu, urefu wake kwenda chini ni sentimita 80, na uzito wake ni kilo 14. Unataka likifunguka lilale sambamba na ardhi, litoe kivuli.

Uzito wa dirisha huhesabiwa kama uko katikati yake, yaani sentimita 40 kutoka kwenye bawaba. Zidisha: 14 mara 40 ni 560.

Sasa funga ncha ya silinda kwenye dirisha, sentimita 20 kutoka kwenye bawaba. Funga ncha ya ufito kwenye fremu ya kibanda, sentimita 60 chini ya bawaba. Dirisha likiwa limefungwa, umbali kati ya vishikio hivi ni sentimita 40. Likiwa limelala juu, umbali ni sentimita 63 hivi. Hivyo tafuta shoki ambayo ikinyooka ni sentimita 63 na inaweza kubanwa hadi sentimita 40 au pungufu. Pima urefu huo kutoka katikati ya kikombe hadi katikati ya kikombe.

Dirisha likiwa juu, shoki husukuma kwa mkingamo wa sentimita 19 hivi kutoka kwenye bawaba. Gawanya 560 kwa 19, unapata karibu kilo 30. Hizo zigawanywe kwa shoki mbili: kila moja kilo 15, yaani 150N. Ongeza sehemu moja ya tano ili dirisha lisimame imara hata kwenye baridi ya asubuhi, ambapo nguvu ya gesi hupungua kidogo. Unafika 180N.

Hapa ndipo shoki kuukuu inapopata kazi. Shoki zilizokuwa na 300N zikichoka kwa gari, lakini bado ni kavu na zina 180N kwenye mizani, zinaweza kulifaa dirisha la kibanda kuliko mpya. Ukipata zenye nguvu zaidi kidogo, sogeza kishikio cha kwenye dirisha karibu na bawaba ili kupunguza mkingamo. Kumbuka tu kwamba vipimo vya urefu navyo vitabadilika, kwa hiyo pima tena kabla ya kutoboa fremu.

Hesabu ni hiyohiyo kwa kifuniko cha sanduku la chakula cha ng'ombe, kifuniko cha kizimba cha sungura, au kitanda chenye hifadhi chini ya godoro. Kinachobadilika ni uzito na vipimo.

Kuifunga

Elekeza ufito chini na silinda juu. Hivyo yale mafuta ya ndani hukaa karibu na sili, huilainisha, na hupunguza kishindo mwishoni mwa safari ya ufito. Ikiwekwa kinyume, sili hukauka na shoki hufa mapema.

Hakikisha pande zote mbili zimenyooka katika mstari mmoja. Shoki hupenda kusukumwa na kuvutwa kwa unyoofu. Ikisukumwa kwa ubavu, ufito hupinda. Vitufe vya duara husaidia kwa sababu huacha nafasi ndogo ya kuzunguka.

Fremu iwe imara. Misumari haitoshi, wala parafujo fupi kwenye ubao laini. Tumia boliti zinazopita hadi upande wa pili, na uweke washa pana. Usiruhusu dirisha likifungwa liishindilie shoki hadi mwisho kabisa. Acha nafasi ya sentimita moja hivi, na uweke kizuizi cha mbao au mpira kibebe mgandamizo huo.

Ukimaliza, fungua na ufunge polepole mara kadhaa huku mtu mwingine akiangalia kila kishikio. Na kile kijiti cha zamani usikitupe. Kitengenezee ndoano ili kiwe kizuizi cha akiba. Shoki hupoteza nguvu kimyakimya, na siku itakapochoka, kijiti ndicho kitakachokuwa kati ya bati na kichwa cha mteja. Jaribu nguvu kila baada ya miezi michache. Dirisha likianza kushuka lenyewe, badilisha zote mbili.

Zisitumike wapi

Shoki kuukuu isibebe uhai wa mtu. Usiitumie kuinua au kushikilia kitanda cha mgonjwa, kiti cha mtoto, jukwaa la kusimamia, au gari unalolitengeneza ukiwa chini yake. Usiirudishe kwenye mlango wa buti wa gari la abiria ambako watu huinama kupakia mizigo siku nzima. Huko nunua mpya.

Ikishakwisha, ipelekwe wapi?

Kutoa gesi kwenye shoki ni kazi ya mtu aliyefunzwa, mwenye vifaa na maelekezo ya mtengenezaji kuhusu mahali pa kutoboa. Si kazi ya nyumbani. Zifunge pamoja, ziandikie alama "GESI, USIKATE", na uzipeleke kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu mwenye leseni, ukimwambia wazi ni kitu gani. Ukizificha katikati ya gunia la mabati, unampelekea mfanyakazi wake hatari asiyoijua.

Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka kila anayefanya biashara hiyo awe na leseni. Kwa anayenunua, omba risiti. Itakulinda mali ikija kudaiwa kuwa ya wizi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nayo inatutaka tutenganishe taka zetu tangu zinapozalishwa, kwa hiyo shoki zisitupwe kwenye pipa la taka za jikoni wala kwenye jaa la mtaa. Usipojua pa kuzipeleka, uliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako.

Wenye gereji na karakana wakumbuke pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwajibisha mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake. Mwanagenzi anayejifunza kazi kwako ana haki ya miwani na maelezo kabla hujamkabidhi grainda.

Ajali ikitokea

Kipande kikiingia jichoni, usilisugue na usijaribu kukitoa. Lifunike kwa kikombe safi bila kuligandamiza, na umfikishe majeruhi hospitalini mara moja. Mafuta pekee yakiingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitalini.

Mafuta yakipenya ngozi kwa msukumo mkubwa, jeraha huonekana dogo kama la sindano na huenda lisiume sana mwanzoni. Usidanganyike. Mafuta hayo huharibu nyama kwa ndani, na mkono unaweza kupotea kwa kuchelewa. Mwambie daktari waziwazi kwamba ni mafuta yaliyorushwa na gesi iliyoshindiliwa. Kwa dharura, piga 999 au 112.

Kwa fundi na kwa mzazi

Hatuwaambii mafundi wetu waache kutumia vyuma vilivyotumika. Ujuzi wa kugeuza kilichotupwa kiwe cha manufaa ndio uliojenga jua kali, na pesa inayookolewa kwa jozi moja ya shoki si haba kwa mwenye kibanda. Tunachoomba ni kwamba shoki iheshimiwe ilivyo: itumike nzima, au iachwe nzima.

Na kwa mzazi mwenye kijana anayeokota vyuma baada ya shule: leo jioni mtafutie shoki moja, mwonyeshe bomba jeusi na ufito wake unaong'aa, umwambie kilicho ndani. Akiikuta kesho kwenye rundo, awe tayari anajua kwamba haifai kukatwa wala kutupwa motoni.